TUUZE WAPI? Masoko ya Lubumbashi na viunga vyake, jana na leo

Kila likizo kubwa ikifika, nyumba zetu za Lubumbashi zinajaa wageni. Huyu ametoka Kamina, yule Kalemie, mwengine Kolwezi ao Kindu. Siku ya kwanza ni ya kupumzika na kusalimiana. Siku ya pili, asubuhi, mgeni anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne: sabuni, viatu vya mtoto, kitenge cha mama mkwe, kitu cha ukumbusho kwa mkubwa wa kazi. Halafu anauliza: "Yaya, tuuze wapi?"

Neno hili "kuuza" linastahili kuelezwa kwanza. Kwa Kiswahili cha pwani na cha vitabu, kuuza ni kutoa kitu na kupokea feza. Kwetu Lubumbashi, mdomoni mwa watu, kuuza ni kutoa feza na kupokea kitu. Mwenye kutoa kitu anauzisha. Siku moja pale Kasumbalesa tulimsikia mama mmoja akimwambia dereva wa Tanzania: "Papa, nataka kuuza ile sabuni yako." Dereva akacheka: "Mama, sabuni ni yangu, wewe utaiuzaje?" Wakabishana muda mzuri, kumbe wote wawili walitaka jambo moja. Katika andiko hili tutasema "kununua" kama vitabu vinavyotaka, lakini kichwa chake tumekiacha katika lugha ya nyumbani.

Jibu la swali la mgeni linaonekana jepesi: nenda Soko la Kenya, pita mjini, basi. Lakini sisi tunaofundisha historia tunaona kwamba katika mji huu hakuna mahali pa kununua palipozaliwa hivi hivi tu. Mara nyingi soko lilitokea kwa sababu mtu fulani alizuiwa kununua pengine. Tena liko jambo la pili, ambalo mgeni haoni na mwenyeji analisahau: mji huu wa shaba, tangu siku ya kuzaliwa kwake, unakula chakula cha mbali. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo tunataka kuyafuata hapa.

1. Kabla ya mji

Kuna watu wanaofikiri kwamba biashara ililetwa Katanga na Wazungu. Si kweli. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu ya mfano wa msalaba karne nyingi mbele ya Mbeleji wa kwanza. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya kale ya Upemba, karibu na Lualaba, tangu karibu karne ya 13. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache. Baadaye ikawa midogo, mingi na ya kipimo kimoja. Kwa hiyo wataalamu wanasema ilikuwa feza. Chumvi nayo ilitoka katika ardhi ya Mwashya, ikatembea mbali sana, kijiji kwa kijiji.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, soko kubwa la Katanga lilikuwa Bunkeya, mji mkuu wa Msiri. Yeye alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Misafara ilifika kwake kutoka pande mbili: pwani ya Zanzibar, na Bihe ya Angola. Ilileta nguo, ushanga, bunduki na baruti; ilirudi na shaba, pembe za ndovu, chumvi, na watumwa. Hili la mwisho tusilifiche watoto wetu: katika soko lile hata mtu alikuwa na bei.

Mwisho wa Bunkeya unatufundisha jambo. Wasanga walipoasi karibu mwaka 1891, mashamba yaliachwa na njaa ikaingia mjini. Wazungu waliofika mwezi wa 12 wa mwaka ule, wakamuua Msiri tarehe 20, wenyewe waliteswa na njaa ile. Pembe zilikuwapo, shaba ilikuwapo, chakula hakuna. Soko lisilokuwa na vijiji vya kulilisha ni uwanja mtupu.

2. Mji unaozaliwa na reli

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini, ikipita Rodezia na Sakania, na mwaka huohuo mji ukapangwa kwa barabara zilizonyooka, ukaitwa Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru la shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi, ule uliokuja kuupa mji jina lake la leo tangu 1966.

Reli ilileta mashini, ikaleta vilevile bunga. Kazi ilihitaji maelfu ya wanaume, na vijiji vya karibu vilikuwa vichache, tena vijana wao walichukuliwa kazini. Basi mahindi yalinunuliwa Rodezia. Hata feza iliyotembea mjini miaka ile ya kwanza ilikuwa nyingi ya Kiingereza, mpaka Wabeleji wakaona aibu katika koloni lao wenyewe.

Walitafuta dawa. Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na mahindi ya Kasai yakaanza kuja. Kwa upande wa mashariki, Wagreki walikaa Kasenga, kwenye Luapula, wakinunua samaki na kuwaleta kwa wafanyakazi wa mgodi. Samaki aliyejulikana sana ni mpumbu. Wazee wanasimulia jinsi alivyojaa mtoni wakati wa kutaga. Alivuliwa bila kipimo kwa ajili ya chungu cha mji, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha. Kijana wa leo akisikia jina hilo anafikiri ni hadithi.

3. Huku wao, kule sisi

Elisabethville ilikuwa miji miwili. Katikati walikaa Wazungu. Upande wa kusini ikajengwa sité ya Waafrika, Albert, inayoitwa leo Kamalondo, baadaye Kenya na nyingine. Kati yao waliacha eneo tupu, upana wa mamia ya mita. Walisema ni kwa sababu ya mbu na magonjwa. Usiku, mtu mweusi bila karatasi hakuruhusiwa kuonekana upande wa Wazungu.

Sasa mfikirie mnunuzi. Magazini makubwa ya katikati hayakuwa yake. Hata alipokuwa na feza, alihudumiwa dirishani ao akaambiwa angojee. Ndiyo maana pembezoni mwa mji wa Wazungu, karibu na lile eneo tupu, yalitokea maduka ya Wagreki, Wareno, Waitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wabeleji wakubwa waliwadharau hao kama Wazungu wa namna ya pili, lakini ndio waliouzisha kitenge, baiskeli, taa na sufuria kwa watu wetu. Kwa Wareno tulibaki na neno ambalo hakuna soko la Kongo lisilolijua: matabishi. Kwao lilikuwa tone la pombe la asubuhi, la "kuua mdudu" tumboni. Kwetu limekuwa kile kidogo ambacho muuzaji anaongeza juu ya kipimo.

Kwa wafanyakazi wa Union Minière mambo yalikuwa mengine. Wao walipewa posho kwa juma: bunga, samaki ao nyama, karanga, mafuta. Mama wa nyumba alipanga mstari na kikapu chake. Jambo hilo liliingia sana katika maisha mpaka neno posho likawa, kwa watu wengi, jina la juma lenyewe. Posho ilishibisha, ndiyo. Lakini mtu anayepewa hachagui. Hajui bei, hawezi kusema "punguza kiloko", na siku anapoacha kazi anaacha na sahani.

Wakati wa vita ya pili ya dunia bei za vitu zilipanda, mshahara ukabaki palepale. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi walikataa kuingia kazini. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na msemaji wao Léonard Mpoyo. Tunapowaambia wanafunzi habari hii, tunawakumbusha kwamba ilianza na hesabu ambayo mama yeyote anaifanya sokoni: feza hii inanunua nini?

Wale waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, na ambao ndio walitumwa kununua, walishuhudia pande zote mbili. Mmoja wao, André Yav, alitunga mwaka 1965 historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu. Tunajivuna nayo, maana wapishi na maboi waliandika mambo ambayo vitabu vya wakubwa viliruka.

4. Maduka yanabadilisha mikono

Baada ya uhuru, mlango wa mjini ulifunguka kwa kila mtu. Katanga ilipojitenga, ilitoa mwaka 1961 sarafu yake yenye picha ya msalaba wa shaba, kana kwamba feza ya wazee imefufuka. Kisha zaire ilikuja 1967, zaire mpya 1993, na franka ya Kongo 1998. Mwenye kuweka akiba katika sanduku alilia kila mara.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Wengi walishangilia: leo ni zamu yetu. Lakini waliopewa maduka, wengi wao hawakuyaomba kwa ujuzi. Waliyapata kwa ukubwa ao kwa kujulikana. Waliuzisha vilivyokuwamo, hawakununua vingine, na rafu zikabaki na vumbi. Ilipofika 1976 wenye zamani waliitwa kuchukua tena sehemu kubwa ya mali zao. Mwezi wa 10 mwaka 1991, baada ya Kinshasa, Lubumbashi nayo ilipata uporaji, na maduka mengi ya katikati yalifunga milango kwa miaka.

Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliendelea kugawa mfuko wa bunga kwa wafanyakazi wake. Lakini mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, kampuni ikazama, mishahara ikachelewa. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10.000 waliondoka kazini katika mpango uliogharimiwa na Banki ya Dunia. Hapo ndipo wake zao waliokoa mji. Mama aliyezoea kungojea mfuko wa mwisho wa mwezi aliweka meza mbele ya nyumba: sukari kwa kijiko, mafuta kwa kikopo, samaki kwa vipande. Alisafiri Kasumbalesa na kurudi usiku. Soko la Lubumbashi tunaloliona leo, lililojaa kila barabara, limezaliwa na wanawake hawa kuliko na mpango wowote wa serikali.

5. Basi mgeni aende wapi?

Aanze na Soko la Kenya, katika komini ya jina hilo. Ndilo soko la watu tangu zamani, kwa vile lilikuwa upande wetu. Pale atapata chakula, nguo za mitumba, vyombo vya nyumba. Bunga na mahindi vinapimwa kwa meka. Atazame chini ya chombo, maana kuna meka iliyogongwa ikaingia ndani, na mnunuzi anapoteza ngumi nzima bila kujua. Asikasirike: amwambie mama kwa upole, "Mama, hii yako iko mgonjwa, leta nyingine." Watacheka wote. Baada ya kupatana bei, aombe matabishi. Kuomba kabla ya kupatana si adabu.

Kwa viatu, vitenge, vitu vya umeme, aende Soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila na maduka ya katikati. Leo wenye maduka ni wa asili nyingi: wananchi, Wahindi, Walebanoni, Wachina, na jamaa za wale Wagreki wa zamani. Dola inapokelewa kila mahali, lakini ikiwa na mpasuko kidogo tu itakataliwa, hata kama ni halali. Achukue franka kwa vitu vidogo.

Kitu cha ukumbusho wa kweli wa Katanga ni shaba iliyogongwa na malakiti, lile jiwe la kijani ambalo ndani yake mna shaba. Hapa tunakiri kosa letu. Tulimpeleka mwalimu mwenzetu kutoka Maniema kwa kijana mmoja wa barabarani. Akamnunulia mke wake mkufu mzuri. Mwezi haujaisha, kijani kikabaki kwenye shingo ya mama. Lilikuwa jiwe lililopakwa rangi. Tangu siku ile tunafundisha hivi: malakiti ya kweli ni nzito na baridi mkononi, mistari yake haifanani, na haishuki bei kama maji. Pembe za ndovu mtu asiguse. Biashara yake kati ya nchi ilikatazwa tangu 1989. Tena kabla ya kununua chochote, mgeni apite kwanza katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, aone misalaba ya shaba ya wazee. Mtu aliyeiona ile haoni tena shaba kuwa pambo tu.

Halafu viunga. Wengi wanafikiri viunga ni mahali pa kupita, lakini ndipo penye vitu vya kwetu hasa. Njia ya Likasi, yenye kilometa karibu 120, ina mama wanaouzisha kando ya barabara: uyoga wakati wa mvua, vinkubala, matunda ya masuku, mizizi ya munkoyo, asali. Kila kitu kina mwezi wake. Mwenye kutaka uyoga mwezi wa 7 ajue atadanganywa. Njia ya Kasenga, karibu kilometa 200, ndiyo ya samaki wa Luapula na Moero, wabichi ao wakavu. Asubuhi mapema tunakutana na vijana wa baiskeli wenye mifuko ya makala mirefu kuliko wao. Tunapika kwa jasho lao, na msitu unazidi kukimbia mbali na mji. Kwa mboga, tuulize zimelimwa wapi: bustani zilizo karibu na matanuru na maji ya migodi si za kuamini, maana watafiti, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi walikuwa na kobalti nyingi mwilini.

Mwisho wa yote ni Kasumbalesa, karibu kilometa 90, kwenye mpaka wa Zambia. Vitu vingi ni rahisi pale kuliko mjini. Lakini mgeni ahesabu nauli, ushuru, na vizuizi vya njiani. Mara nyingi akirudi nyumbani anakuta aliokoa bei ya soda moja.

6. Bunga yetu iko wapi?

Pale Kasumbalesa tusimame pembeni ya barabara dakika kumi tu. Magari makubwa yanatoka na shaba na kobalti. Mengine yanaingia na bunga, mafuta, mayai, sabuni. Ni njia ileile ya reli ya 1910. Zaidi ya miaka mia moja imepita, wenye magazini wamebadilika mara nne ao tano, na sahani bado inategemea kusini.

Hatari yake tunaijua. Mwaka 2016 Zambia ilizuia mahindi yake kutoka, na bei ya bunga ikapanda sana kwetu. Mwaka 2024 ukame uliwapiga wao wenyewe. Na mwezi wa 8 wa mwaka huo mpaka ulifungwa siku chache kwa ugomvi wa biashara. Tulisikia wamama wa Kenya wakiulizana: "Bunga itatoka wapi?" Darasani wanafunzi wengine walikuja bila kula. Siku hiyo hatukuhitaji kueleza njaa ya Bunkeya, walikwisha kuielewa.

Hatusemi watu wasinunue Zambia. Jirani ni jirani, na biashara kati ya Walala, Walamba na Wabemba wa pande zote mbili ni ya zamani kuliko mpaka. Tunasema kwamba mji unaonunua tu, bila kulima, unafanana na mfanyakazi wa posho: siku mwenye ghala akifunga, hana neno. Ardhi ya Haut-Katanga iko, mvua inanyesha, na mikono iliyotolewa mgodini bado inatafuta kazi.

Kwa hiyo, mgeni akituuliza "Tuuze wapi?", tumpeleke Kenya, tumpeleke mjini, tumwonyeshe malakiti ya kweli. Lakini jioni, bukari ikiwa mezani, tumwambie watoto wamsikie: mahindi haya yametoka wapi, na ni nani aliyeyalima. Tena Jumamosi, tukiwa na franka za meka moja, tuzipeleke kwanza kwa yule mama wa njia ya Kasenga ao ya Likasi aliyelima mwenyewe. Ni kidogo, kama matabishi. Lakini matabishi ya watu wengi yanajaza meka.